Darubini ya 8×42: kaskazi mbili katika ufuo wa Chwaka

Darubini hii ya macho mawili, ninayotazamia ndege, niliinunua Novemba ya mwaka juzi, mkono wa pili, kwa shilingi 260,000, kwa mtu aliyekuwa anahama Unguja na kuuza vyombo vya nyumba yake. Tangu hapo nimekaa nayo kaskazi mbili nzima katika ufuo mmoja tu: Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia dikoni, vinapotua vyombo vya wavuvi, hadi inapoanza mikoko ya upande wa kusini. Kila bamvua, yaani siku za maji makubwa, nipo, isipokuwa wiki za mitihani. Chapa yake siitaji, kwa kuwa ninachotaka kukieleza ni aina yenyewe. Darubini za 8×42 hutengenezwa na kampuni nyingi, za bei ya kuvumilika na za bei ya kutisha, na walimu wenzangu pamoja na vijana wanaotembeza wageni hawaishi kuniuliza wanunue ya nambari gani. Nawajibu hiyo, na sababu zake nimezipata kwa jua na upepo wa hapa hapa.

Tuanze na nambari. 8 ni ukuzaji: ndege aliye mita 80 unamwona kama yuko mita 10. 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mlango wa kuingilia mwanga. Gawa 42 kwa 8, unapata 5 na kidogo, na hicho ni kipenyo cha duara la mwanga linalofika jichoni. Duara likiwa pana, jicho halitangitangi kulitafuta, na jua likianza kuzama bado unaona rangi. Watu wengi hutazama nambari ya kwanza tu, wakidhani kubwa ndiyo bora, nami nilikuwa miongoni mwao. Darubini yangu ya kwanza niliinunua dukani mjini kwa 45,000. Ilikuwa inaingia mfukoni, imeandikwa 30×60, vioo vyake vyekundu vinang'aa kama vito. Baadaye nilikipima kioo cha mbele kwa rula ya darasani: milimita 22. Ile 60 iliandikwa tu. Na ule wekundu hurudisha nje sehemu nyekundu ya mwanga, kwa hiyo kila nilichokitazama kiligeuka kijanikijani, hata yangeyange. Nilipoirudisha niliambiwa mali ikishatoka dukani hairudi. Jina la duka naliacha, lakini fedha ile niliiweka akiba miezi minne, na iliniuma.

Haya, tuseme umepata darubini ya kweli. Bado 10 au 12 si nambari ya Chwaka. Rafiki yangu aliniazima 12×50 yake Jumamosi moja ya Januari, chombo kizuri, kizito, kioo safi kabisa. Siku hiyo kaskazi ilikuwa imeshika, ile inayovuma kutoka baharini tangu saa tatu na kuyalaza makuti upande mmoja, na pale hakuna ukuta wa kujikinga. Mkono ukitikisika kidogo, ufuo mzima uliruka machoni mwangu, maana darubini inayokuza ndege mara 12 hukuza na mtikisiko wa mkono mara 12. Likaja la pili, mazigazi. Mchanga ukishapata joto, hewa ya juu yake hucheza, na kila kilicho mbali kinaonekana kama kimo ndani ya maji. Ukuzaji mkubwa hukuza na mchezo huo. Ndege nilimwona mkubwa, ndiyo, lakini sikuweza kusema miguu yake ni ya rangi gani. Nikaiweka chini, nikachukua 8×42 yangu. Ndege yule yule akawa mdogo, ametulia, na miguu ni ya rangi ya chungwa. Tangu siku hiyo 12×50 sijaitamani tena.

Sasa wakati wa kwenda, kwa sababu darubini nzuri kwa saa mbaya ni hasara. Ushauri mwingi wa kutazama ndege husema nenda alfajiri. Chwaka alfajiri ni kupoteza safari. Ufuo wetu umetazama mashariki, jua linachomoza usoni mwako, na ndege wote ni vivuli vyeusi juu ya maji yanayometa. Hakuna kioo cha bei yoyote kitakachokuonesha rangi ya mgongo hapo. Jambo jingine ni maji. Siku za bamvua hupwa kabisa kama saa nne au saa tano za asubuhi na kujaa kama saa kumi za alasiri. Ghuba ni ya maji mafupi, na bamvua kubwa linaweza kupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo maji yakitoka hutoka kweli kweli. Vyombo vinakaa mchangani, na ndege wanayafuata maji mpaka wanakuwa vumbi tu kwa mbali. Wakati huo waachie wachokoa pweza.

Mimi husali adhuhuri kwanza, kisha nateremka. Saa saba maji yameshageuka, yanarudi yakiwasukuma ndege kuja kwangu hatua kwa hatua, na jua nalo linapita utosini kwenda mgongoni. Baina ya hapo na alasiri ndege wanakuja hadi mita 50 au 60, rangi zote ziko wazi, na mazigazi hayana masafa ya kuharibu. Ni muda wa saa mbili na nusu hivi, basi. Alasiri ikifika mchanga umefunikwa, wengine wamerukia matawi ya mikoko kupumzika, wengine wamehamia vichanga vilivyobaki. Hesabu ya siku haihitaji jedwali la bandarini: mwezi ukiandama na siku mbili tatu zake, tena kuanzia mwezi 15 hadi 17. Siku za maji mafu naifanyia darubini usafi, kwa sababu maji hayo hujaa mchana na kupwa jioni bila kutoka mbali, na ndege wametawanyika.

Nimezaliwa Chwaka. Kwetu ndege wadogo wa ufuoni wote ni vitwitwi, na wakubwa wenye mdomo uliopinda ni sululu, jina lile lile la chombo cha kuchimbia, na ukimwona anavyofanya kazi mchangani hutauliza kwa nini. Maneno hayo mawili yalinitosha miaka 40. Siku ya kwanza ya 8×42 kundi la vitwitwi lilitua karibu na nilipokaa, nikaanza kuwatenganisha mmoja mmoja. Huyu mdomo wake mrefu mweusi umeinama kwenye ncha. Kwao ni Siberia, kaskazini kabisa karibu na Bahari ya Aktiki. Huyu mdomo umepinda kwenda juu, miguu ya rangi ya chungwa, na hukimbia ameinamisha kichwa kama anayefukuza kitu kilichopeperushwa na upepo. Huyu mweupe mno, hatulii, hulifuata wimbi likirudi na kulikimbia likija. Huyu kichwa kikubwa, mdomo mfupi mnene, hukimbia hatua chache akasimama kama aliyeitwa. Wa aina yake huzaliana kwenye majangwa ya Asia ya Kati. Huyu anageuza vijiwe na mafungu ya mwani kutafuta kilicho chini yake. Ndani ya nusu saa neno langu moja likawa halitoshi. Daftarini niliandika "kitwitwi mdomo juu", "kitwitwi mkimbia wimbi", "kitwitwi mgeuza mawe", na majina hayo ndiyo ninayowafundishia wanafunzi wangu hadi leo.

Upana wa kuonea nao unataka kusifiwa. Kwa umbali wa kilomita moja, hii yangu huonesha kama mita 130 za ufuo kwa mara moja. Kundi likiruka ghafla unalipata lote, unalifuata linavyogeuka, na hapo ndipo zilipo alama ambazo ndege akisimama hazionekani. Yupo mmoja mkubwa wa kijivu, akiwa mchangani hana la kumtambulisha sana. Akiinua mabawa, makwapa ni meusi tititi. Alama hiyo huonekana kwa sekunde mbili tatu. Kwa ile 12×50 sekunde hizo zote nilizitumia kumtafuta angani.

Wageni hawa huanza kufika Septemba, na Aprili wengi wameshaondoka. Wakati kwao kuna theluji na giza, huku ni kaskazi, joto na kaa tele. Wachache, hasa vijana ambao hawajafika umri wa kuzaa, hubaki hata wakati wa kusi. Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni mwisho wa Machi. Yule wa Siberia mwenye mdomo ulioinama, aliyekaa miezi yote na rangi ya mchanga, anaanza kutoka manyoya mekundu ya tofali kifuani, kidogo kidogo, mmoja anatangulia, mwingine anafuata. Yule wa makwapa meusi anaanza kupata tumbo jeusi. Wanavaa kwa ajili ya kwao. Hayo nisingeyajua kwa vile vioo vyekundu, ambavyo kila tofali lilikuwa tope.

Aliyeniridhisha kuwa fedha yangu haikupotea, hata hivyo, ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene uliochongoka. Chakula chake kikubwa ni kaa, nami namwita mla kaa. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Arabuni na upande wa Somalia. Huchimba pango mchangani, hutaga humo yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kaskazi ikija nao huja. Februari mwaka jana, saa nane kasoro, nilihesabu 23 kwenye ulimi wa mchanga uliokuwa unazungukwa na maji. Mmoja wao alikuwa wa kijivukijivu, amefuatana na mkubwa hatua kwa hatua, anapiga mluzi bila kupumzika. Mkubwa akamkamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikamtoka, kisha akamwachia yule wa kijivu. Mtoto aliyekwisha vuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe, bado analishwa na mzazi! Kwa macho matupu pale palikuwa na madoa meupe tu yanayotembea.

Wakati huo alikuwa anapita bibi mmoja wa mtaani kwetu, ndoo yake ya chaza kichwani. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, mwalimu, wapima nini kila siku huku?"

"Sipimi kitu bibi, natazama ndege. Chukua nawe utazame."

Akatua ndoo. Mara ya kwanza alisema ni giza. Nikazikaribisha zile pipa mbili mpaka zikaenea macho yake, maana uso wake ni mwembamba kuliko wangu, kisha nikamwelekeza kwenye ule ulimi wa mchanga. Akanyamaza kwa muda mrefu sana.

"Yule mdogo ataka chakula."

"Ndiyo bibi."

"Na mtu mzima vile! Hawa twawaona tangu tuna akili zetu, lakini hili sikulijua." Hakuirudisha mpaka maji yalipomfika miguuni.

Swali lake la "wapima nini" naomba msilipite. Katika pwani ya mashariki mtu akionekana ufuoni na chombo machoni, watu wana haki ya kufikiri kuna kiwanja kinachopimwa na hoteli inakuja. Kabla sijaanza nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, nikamwonesha darubini na daftari, nikaeleza. Pia wapo kinamama wa mwani. Kilimo hicho kilianza upande wetu wa mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikaenea, na wanaokifanya wako majini saa zile zile ninazotazama ndege, kanga wamezikunja ili wafanye kazi. Kumwelekezea mwanamke darubini akiwa katika hali hiyo ni utovu wa adabu, hata kama macho yako yako kwa kitwitwi aliye nyuma yake. Watu wakipita mbele yangu naiteremsha kifuani, nasalimia, nasubiri. Vijana wa utalii, hili waelezeni wageni wenu mapema, kabla hawajashuka garini.

Nije kwenye kasoro. Uzito ni karibu gramu 700, na kamba iliyokuja nayo ni nyembamba, inakata shingo. Mke wangu alinishonea nyingine pana kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Hiyo ndiyo dawa. Pete ya kurekebishia jicho la kulia imelegea, ikiguswa inahama, na ukiwa hujui utadhani macho yako yameharibika. Nikishairekebisha sawasawa, naitia alama kwa tone la rangi ya kucha ya binti yangu. Mpira wa nje umeanza kubanduka kwa jua, nimeugandisha kwa gundi.

La hatari zaidi lilikuwa kuvu. Masika ya kwanza niliiacha ndani ya mkoba wake wa ngozi, kabatini. Nilipoitoa, pembeni mwa kioo cha kushoto palikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Fundi wa kamera mjini alinisafishia kwa 40,000 akanionya kwamba kuvu ikikaa sana hula hata rangi ya kioo. Sasa inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na mchele mkavu uliofungwa kitambaani, na mchele naubadilisha kila mwezi. Chumvi nayo ina adabu zake: usifute kioo kwa shati ukiwa bado ufuoni. Chembe za chumvi na mchanga zitakikwaruza moja kwa moja. Yangu haipitishi maji, kwa hiyo naimwagia maji matamu kidogo, naiacha ichuruzike, ndipo nafuta kwa kitambaa laini. Kama yako haina kinga ya maji usiifanyie hivyo. Tumia brashi laini.

Na ipo kazi ambayo 8×42 haiwezi. Machi hii mla kaa mmoja alikuwa na pete mguuni, kama mita 100. Niliona ni pete, niliona inametameta, nambari sikuweza kuisoma, na nilirudi nyumbani na simanzi ya kweli. Pete na vifaa vidogo vya setilaiti ndivyo vinavyotueleza safari za ndege hawa. Mwaka 2022 kuna kijana wa miezi mitano, wa aina ya wale wenye mdomo mrefu wanaotutembelea hapa mara chache, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Bila kifaa alichofungwa tungejuaje? Lakini ili kusoma pete, au kuhesabu makundi ya mbali katika sensa ya ndege wa majini, ile ambayo tangu 1967 hufanywa Januari katika nchi nyingi, unahitaji darubini ya jicho moja inayokaa juu ya miguu mitatu, ya ukuzaji wa 20 na zaidi. Hiyo bei yake ni nyingine, na kuibeba ni shughuli.

Ukienda kununua ya mkono wa pili, usiijaribie ndani ya duka. Toka nayo mlangoni, tazama bango lililo mbali. Ukiona picha mbili, au kichwa kikikuvuta baada ya dakika moja, vioo vya ndani vimehama kwa kuangushwa. Iache hata kama ni ya bure. Inyooshe mbali na uso uone vile viduara viwili vya mwanga kwenye vioo vya jicho: vinatakiwa viwe duara kamili. Kisha igeuze, tazama kupitia upande mkubwa huku umeielekeza kwenye taa, utafute nyuzi za kuvu. Mvaaji miwani kama mimi ahakikishe vile vikombe vya macho vinashuka, la sivyo ataona tundu la sindano. Chini ya 150,000 sijaona 8×42 ya kweli, labda upewe na ndugu.

Kwa mtu wa maji na mikoko naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa ajili ya kamba na pete ya jicho la kulia.

Bamvua lijalo litaangukia Jumamosi. Kusini mwa diko, kabla hujaifikia mikoko ya hifadhi, ile iliyoingizwa mwaka 2004 katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kuna gogo lililoletwa na maji. Hapo ndipo ninapokaa, baada ya adhuhuri. Anayetaka kupima mikono na macho yake kabla ya kutoa fedha aje, darubini nitamwachia robo saa nzima. Aje na kofia na maji ya kunywa, na asikate tawi la mkoko kutengeneza kivuli.